Tata Tshibangu Tharcisse, Mlinzi wa Laini ya Nzilo

Mapadri, majirani wa Musonoi, na ninyi nyote mliofika matangani leo, tarehe 12 Desemba 1957, naitwa Kalala, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, na familia imenituma kuwasomea maisha yake, kazi ya kuisemea familia, ambayo kwa haki ya kuzaliwa ilikuwa yake yeye mkubwa, si yangu.

Tata Tshibangu Tharcisse alizaliwa tarehe 15 Agosti 1912 karibu na Luputa, Kasai, akasoma kwa mapadri hadi mwaka 1926, baba yetu alipofariki, ndipo akaacha shule atulee sisi wadogo zake, akaandikwa kazi ya mgodi, akafika Kolwezi mwaka 1938. Tarehe 7 Januari 1939 alifunga ndoa na Mama Kanku Simone, Mungu akawajalia watoto sita, wawili wametangulia, wanne ndio hawa mnaowaona wanalia.

Mwaka 1953, umeme wa bwawa la Nzilo ulipofika, alitolewa shimoni akawa mlinzi wa laini, akitembea kwa miguu chini ya nyaya, kwa sababu wezi walichimba chini ya nguzo kutafuta waya wa shaba uliofukiwa pale, na umeme ukikatika pampu husimama, maji yakawapandia watu walio shimoni. Akiona shimo, hakukimbilia polisi, alifuata nyayo hadi mlangoni kwa mtu, akaketi, akala alichopewa, kisha akamwomba mwenyeji aende akafukie. Nilimwambia ukicheka na nyani utavuna mabua, akacheka nami pia. Mwezi uliopita alimkuta mtu akichimba, akamrudisha nyumbani, na jina lake hakumwambia hata mkewe.

Tarehe 4 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wetu wachimbaji, mashine zote zilinyamaza, na sisi watu wa kambi tulidhani mashine zikinyamaza umeme nao umelala, tukasahau kwamba pampu hazina sikukuu. Mtu alikuwa amechimba tena, mvua ikalainisha udongo, nguzo ikainama, nyaya zikashuka juu ya njia ya kanisani. Tata alisimama pale akituzuia, akisema, "Musipite, courant haina na fête," yaani umeme hauna sikukuu, wengine wakamcheka kwamba amekwisha kunywa, na jirani yetu Mama Ndaya akapita na basini ya chakula kichwani. Tata alimsukuma, Mama Ndaya akaanguka mzima, waya ukampata Tata.

Aliungua mikono na kifua, akalazwa hospitalini, akafariki jana, tarehe 11 Desemba, saa nne asubuhi, mkewe akiwa kando yake.

Tunawashukuru waganga na masista waliomuuguza, walinzi wenzake waliomchukua kwa machela, majirani walioleta unga na kuni, na Mama Ndaya, ambaye hajaondoka hapa tangu jana, tunamwomba asijilaumu.

Neno la mwisho ni lake, na aliniapisha nilisome. Wewe uliyechimba, alikujua, hakukutaja, anaomba uje umtupie udongo pamoja na watoto wake, usikae nyumbani peke yako. Mama Kanku anasema utapewa chakula kama wengine. Mimi bado sijakusamehe, nimesoma tu alivyoagiza.

Kaka, umechoka kutembea, pumzika kwa amani ya Bwana.