Chupa Mbili za Nyumba ya Feza

Kijiwe cha kahawa cha Feza ni mlango wa mbao uliolazwa juu ya madumu manne yaliyojaa mchanga, upande wa juu wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, hatua chache kutoka kwenye bomba la maji. Mlango wenyewe ulikuwa wa kanisa lililoangushwa na upepo, na Waislamu kwa Wakristo huukalia bila kuulizana. Wateja wa kudumu ni watatu. Dieudonné wa Uvira, Kongo, huitwa Dokta kwa sababu aliwahi kulinda geti la hospitali miaka sita, na anadai ugonjwa wa kila aliyepita pale aliujua kwa kumwangalia tu. Minani, Mrundi, huitwa Rasyo, yaani Mgao: hakuna mgao wa chakula uliowahi kufika kambini bila yeye kujua zimekatwa kilo ngapi. Wa tatu ni Chabani, mtu wa Kindu kama Feza mwenyewe, anayechuuza vitenge Area 23 kule Lilongwe na kurudi na habari nyingi kuliko mauzo. Januari ile, kipindupindu kikitembea Malawi nzima na simu za kutoka Masisi, kwenye vita vya Kongo, zikiwa za vilio tena, watatu hawa walikuwa na jambo moja tu la kubishania, na walilibishania utadhani wameajiriwa kwa kazi hiyo.

Asubuhi hiyo mhudumu wa afya alikuwa amepita tena, kama jana, na kipaza sauti, kwa Chichewa kwanza, kisha kwa Kiswahili. Kinga ya kipindupindu iko shuleni, akasema, ni ya kunywa, na leo saa nane mchana ndiyo mwisho. Zamani mtu alipewa chupa mbili, moja leo na nyingine baada ya wiki mbili. Sasa chupa ni chache dunia nzima, kwa hiyo kila mtu atakunywa moja, ili zifikie wengi. Moja inakinga vizuri, ila haikai mwilini muda mrefu kama mbili. Maneno yalikuwa wazi kabisa. Tatizo ni kwamba yalipitia kijiweni.

— Banatukata tena, Rasyo akaanza. Unga banakata nusu, mafuta banakata nusu, sasa banafika kwa dawa. Mi nilijua tu.

— Ile haiko rasyo, Chabani akasema. Ile ni vaksini.

— Kitu unakipangia laini, unakionyeshea karte, na kila mwaka kinapunguka. Hiyo ni rasyo. Jina ingine ni juu yako.

Dokta akanywa fundo moja taratibu, kama mtu anayesubiriwa na wagonjwa.

— Bandugu, munisikilize. Dozi inafuata kilo. Mi niliona na macho yangu pale Uvira. Chupa mbili ni za mutu wa kilo sabini. Chupa moja inatosha kilo makumi tatu na tano. We Rasyo, uko na kilo ngapi?

— Tangu bakate unga? Makumi tano na mbili.

— Basi utakingwa kuanzia miguu mpaka hapa. Akamgusa mbavuni. Hapa kupanda yulu, umuombe Mungu.

— Si kipindupindu kinashika tumbo? Chabani akasema. Basi iko salama, kichwa yake hata zamani haikukuwa na kinga.

Walicheka. Feza hakucheka. Alikuwa anachemsha vikombe, kazi aliyoianza tangu watu wa kwanza walipolazwa kwenye hema la wagonjwa, na pembeni yake mjukuu wake Kibibi, miaka minne, alikuwa amekaa juu ya ndoo akimenya tangawizi kwa kucha. Mtoto huyo ndiye aliyebaki. Mama yake, binti pekee wa Feza, alikufa kwa kipindupindu njiani, wakivuka Tanzania, kwa siku moja na nusu tu, na Feza alimzika kwa mikono yake huku amembeba mgongoni Kibibi asiyejua hata kutembea.

— Chupa za pili ziko, Chabani akaendelea, sauti chini. Kule Area 23 kila mutu anajua. Ziko Kanengo, upande wa viwanda, ndani ya depo. Mi nilienda mwenyewe.

— Ukaona nini? Dokta akauliza.

— Geti.

— Geti tu?

— Geti lilikuwa limefungwa! Kama hamuna kitu mule ndani, banafunga nini?

Hoja hiyo Dokta akaikubali kwa kichwa. Kisha Rasyo akaweka kikombe chini, akapanguza mikono kwenye suruali, na wote wakajua kwamba sasa anakuja na hesabu.

— Kilio hakitatusaidia, akasema. Unga ulipokatwa nusu, tulifanya nini? Tulifanya likelemba. Nyumba yangu na nyumba ya Ndikuriyo tunaunganisha. Mwezi hii unga wote unaenda kwake, mwezi ijayo kwangu, na kila mutu kwa zamu yake anakula kama mutu. Ama mi nadanganya?

Hakuwa anadanganya. Nusu ya unga ni njaa ya kila siku, na kambi nzima ilikuwa imejifunza kwamba nusu mbili zikikutana kwenye sufuria moja, angalau nyumba moja inashiba. Feza mwenyewe alikuwa na likelemba na jirani yake.

— Sasa dawa pia ni hivyo hivyo, Rasyo akasema. Nusu ni nusu. Tuseme nyumba ya mama Feza. Karte yake ni saizi mbili, yeye na mutoto. Saizi mbili, chupa mbili. Chupa mbili ni dozi nzima ya mutu moja. Achague nani akunywe.

— Nimeshachagua, Feza akasema.

Wakageuka wote kwa pamoja. Kwa kawaida Feza huwaacha wabishane mpaka kahawa ipoe, kisha huwatoza tena ya moto.

— Tangu jana nimechagua. Kibibi atakunywa yake, atameza. Yangu nitaiweka hapa. Akagonga shavu la kushoto. Nitatoka mule ndani nimefunga kinywa, nitaenda nyuma ya choo cha shule, nitatema ndani ya kikombe hiki, na yeye atakunywa ya pili. Mi nimeishakula miaka yangu. Huyu hawatanichukulia.

Alisema hivyo bila kupandisha sauti, na kila mmoja pale aliona kwamba hakuna wa kumrudisha nyuma. Mtu mwenye akili angemwambia dawa ya kutema si dawa, na kwamba mhudumu alisema chupa ya pili hunywewa baada ya wiki mbili, si baada ya kuzunguka choo. Kijiweni hakukuwa na mtu huyo. Walikuwapo Dokta, Rasyo na Chabani, na wote watatu waliguswa sana, wakaanza kumsaidia.

— Shavu la kushoto ni sawa, Dokta akasema kwa heshima. Kulia kuna maini. Maini yananyonya.

— Na usimeze mate, mama, Rasyo akasema. Ukimeza mate mara tatu umekula robo ya mutoto.

— Yaya, dada yangu, kuna hatari moja, Chabani akasema. Bale bantu ba santé, bale ba chanjo, banasalimia. Ukishakunywa watakuambia kitu, na utapaswa kujibu. Tujaribu.

Wakajaribu. Feza akajaza shavu kahawa, akasimama na kikombe kitupu mkononi. Chabani akakaa nyuma ya ndoo iliyogeuzwa meza, akavuta uso wa mtu wa serikali, akamsalimia kwa Chichewa.

— Muli bwanji, mayi?

Feza akainamisha kichwa.

— Dzina lanu ndani?

Feza akaonyesha jina lake kwenye karte, vidole vikifunika nusu ya uso.

— Zikomo, zikomo! Chabani akashukuru, na wote watatu wakapiga makofi. Njo hivyo! Hata polisi ya mpaka hawezi kujua!

— Hesabu mpaka mia mbili, Dokta akasema. Kutoka meza mpaka choo ni hatua mia mbili.

Feza akasimama palepale na kahawa shavuni, Rasyo akihesabu kwa sauti, na Kibibi, aliyeona mchezo mzuri, akajaza mashavu yake hewa akamwiga bibi yake. Walikuwa wamefika mia na arobaini.

Mwishoni mwa ule mlango wa kukalia alikuwa amekaa mwanamke ambaye hakuna aliyemsemesha. Aliitwa Orpa, mtu wa Fizi, na alikuwa na siku tatu tu kambini. Mkoba wake bado ulikuwa na vumbi la barabara ya Karonga, ile ya kutoka mpakani. Alikuwa ameagiza kahawa na kuisahau mkononi, akisikiliza.

— Yaya, samahani, akasema. Ule mutoto iko na nani ingine?

Rasyo akaacha kuhesabu.

— Namna gani? akauliza.

— Nauliza tu. Kama uyu yaya anabaki bila dawa, na ugonjwa unamukuta. Mutoto anabaki kwa nani?

Rasyo, ambaye anajua saizi ya kila karte kutoka bombani mpaka sokoni, alitazama angani kana kwamba orodha imeandikwa huko, akaitafuta nyumba ya pili ya Kibibi, shangazi, mjomba, ndugu wa mbali wa Kindu, mtu yeyote. Hesabu ikamrudia ileile: saizi mbili, bibi na mtoto.

Kahawa ilikuwa imeshamteremka Feza kooni yenyewe. Usiku uliopita alikuwa amejiona shujaa, na ushujaa ule ulimpa usingizi mzuri ambao hakuwa ameupata tangu binti yake afe. Sasa aliogopa. Alimwona Kibibi kwenye ndoo, mashavu yamejaa, akisubiri kuambiwa kwamba ameshinda, na akawakasirikia wale wanaume watatu kwa makofi yao, kisha akajikasirikia mwenyewe zaidi.

— Mama Feza, Dokta akasema kwa upole, akinyoosha kikombe. Tuongezee kwanza. Hii mambo inahitaji kufikiriwa.

— Kahawa imeisha.

Birika lilikuwa nusu. Feza akalimwaga lote juu ya makaa, moshi ukapanda, wanaume wakaruka pembeni wakikohoa. Akamshika Kibibi mkono.

— Weye dada wa Fizi, simama twende. Laini ni refu na saa nane haiko mbali.

Foleni ilizunguka madarasa mawili ikaingia la tatu. Feza alisimama ndani yake saa nzima bila kuongea na mtu, Orpa mbele yake, na nyuma kabisa akasikia sauti anazozijua, zikibishana kama mtu aliyekunywa anaruhusiwa kula nsima, ule ugali wa Malawi, siku hiyo au angoje kesho. Hakugeuka.

Mezani msichana wa afya alikata kifuniko cha chupa ndogo isiyozidi kidole gumba. Kibibi akanywa, akakunja uso, akameza. Kisha ikaja ya Feza.

Dawa ikakaa ulimini. Ilikuwa kidogo mno, fundo la ndege, na shavu lililofundishwa tangu asubuhi likataka kuishika. Kwa muda kidogo ilikuwa pale, yote, ya mtoto kama angeamua. Msichana wa afya akainua macho.

Feza akameza.

Alitoka nje na machozi yanamtiririka mbele za watu, wala hakuyafuta.

— Koko, unalia nini? Kibibi akamuuliza bibi yake.

— Dawa ni chungu.

Mtoto akafikiri.

— Haikukuwa chungu sana.

— Basi, ni mi tu, Feza akasema. Twende nyumbani.