Dhalimu wa Kinu cha Zeituni

Asubuhi ile ya Novemba, kwenye benchi la nje ya mkahawa wa Stamatia, katika kijiji kimoja cha kisiwa cha Lesbos, Ugiriki, Pandelis alikuwa na karatasi mkononi na hasira hadi kooni. Magunia yake kumi na mawili ya zeituni yalikuwa siku ya tano mlangoni pa kinu cha ushirika. Yameshaanza kupata joto. Yakilala usiku mmoja tena, mafuta yake ni ya kuwashia taa, si ya kula. Mwenyekiti wa ushirika, Fotis, alikuwa akipitisha wapambe wake kwanza. Pandelis alimwandikia barua, neno moja kwa herufi kubwa: DHALIMU. Sasa alitaka wenzake wawili watie sahihi naye.

— Neno limekuzidi kimo, alisema Kosmas, waliyemwita Baharia ingawa bahari humtapisha. Mimi ujanani, wanajeshi walipotwaa nchi, walinifungia kisiwa cha jela miaka miwili. Wale ndio madhalimu. Huyu anakuruka foleni tu.

— Zeituni zangu zinaoza, Kosmas!

— Zinaoza, lakini hazijafungwa.

Anestis, aliyeitwa Wakili kwa kesi mbili za mbuzi alizoshindwa, alikohoa.

— Tena enzi za mababu zetu Wagiriki, tyrannos, ndiye huyo dhalimu, alikuwa mtu aliyejitwalia mji bila kuurithi, basi. Wengine walijenga hata mifereji ya maji. Ukimwita hivyo Fotis atafurahi, aitundike ukutani.

— Aitundike?

— Na fremu juu!

— Kama ni hivyo, dhalimu ni mke wangu, alidakia Baharia. Kaninyima chumvi tangu Pasaka, na sikumchagua.

— Ulimchagua, bwana we! alisema Wakili.

— Kanichagua yeye. Yale yalikuwa mapinduzi!

Benchi zima likacheka, hata Pandelis, na akajichukia kwa kucheka.

Ndipo Evanthia, bibi shamba mpya kutoka mjini, akavuta kiti. Stamatia akamletea kahawa kabla hajaagiza.

— Ya Fotis hiyo. Kapita alfajiri, kawakirimu wote.

Kijijini pale, kukataa kahawa uliyokirimiwa ni kumtukana mtu hadharani. Evanthia aliangalia vikombe vitatu vya wazee, vimebaki mashapo matupu.

— Samahani, wazee wangu. Kuna yeyote aliyewahi kumwambia Fotis hapana?

Wakili akafunga vifungo vya koti. Baharia akageukia mlimani, kana kwamba kuna mtu anamwita.

Pandelis alisubiri kalamu ishikwe. Haikushikwa. Akatia sahihi yake peke yake, akaenda na barua kinuni, ladha ya kahawa ya Fotis ingali mdomoni.