Mwalimu Nukta, Aliyesoma Uchovu wa Watu Asiowajua

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofika, wenye viti kaeni, mliokosa viti mtuwie radhi, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, nimetumwa na familia nisome maisha ya dada yetu, na kwa kuwa sauti imenikauka siku hizi tatu, naomba mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1966, mtoto wa pili kati ya sita wa fundi baiskeli na mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, sekondari hadi 1983, kisha chuo cha ualimu alikohitimu tarehe 28 Novemba 1985, na Januari iliyofuata akaanza kufundisha lugha. Wanafunzi walimbatiza Mwalimu Nukta, kwa sababu mtoto akisoma kwa sauti na kuipita nukta bila kupumua, alirudishwa mwanzo wa ukurasa, hata kama kengele ya kwenda nyumbani ilikuwa imeshalia.

Tarehe 22 Desemba 1990 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi umeme, huyu aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa watoto wawili, binti ambaye leo ni mfamasia na mwana ambaye ni dereva wa lori, na nyumba yao ilikuwa na kelele nyingi na magomvi machache, ingawa shemeji husema yalikuwa machache kwa sababu yeye alikuwa anakubali kushindwa mapema.

Mwaka 2012 koo lilimwangusha, hospitali wakakuta vivimbe kwenye nyuzi za sauti na kumkataza darasa, akakaa nyumbani mwaka mzima akipanga na kupangua kabati lile lile, mpaka mwanafunzi wake wa zamani, mtafiti wa kompyuta chuo kikuu ambaye sisi humwita Daktari, alipomwajiri tarehe 3 Juni 2013.

Kazi yenyewe ilitupiga chenga, nami naieleza kama alivyotueleza yeye. Zipo programu za kompyuta ziitwazo programu huria, hutengenezwa na watu wa kujitolea walio nchi mbalimbali, na yeyote ana ruhusa ya kuzitumia na kuzirekebisha, watengenezaji hao hawaonani, huandikiana tu, na katika kuandikiana huko hushukuriana, hutukanana, huombana radhi, Daktari akataka mashine ijifunze kutambua hisia hizo, lakini mashine haijui kitu mpaka binadamu aisomee kwanza. Basi dada na wenzake wawili walikaa ghorofa ya tatu, chumba chenye dirisha lisilofunguka, kila mmoja akisoma ujumbe ule ule na kuupa alama, upendo, furaha, mshangao, hasira, huzuni, woga, au hakuna. Nilimcheka, nikamwambia, "Dada, yaani umeajiriwa kusoma umbea?" Akanijibu, "Umbea una raha yake, hawa wanakosana wiki nzima kwa sababu ya mabano."

Mwezi Oktoba 2018 alifika kwenye ujumbe wa mtu mmoja aliyekuwa akisimamia peke yake, kwa miaka tisa, programu ya kupanga foleni za wagonjwa inayotumiwa na zahanati nyingi, mtu ambaye mwanzoni alikuwa akiandika aya nzima na kumtania kila mgeni, baadaye akawa anaandika mstari, mwishowe neno moja tu, "Sawa," na nukta. Wenzake wawili waliandika hakuna, mashine nayo ikasema hakuna, dada akagoma. Daktari alimwambia mbele ya wote, "Mwalimu, mashine haioni hisia yoyote hapo," naye akasema, "Mashine haijawahi kuchoka, itaonaje?"

Kanuni ya utafiti ilikataza kabisa kumwandikia mtu anayechunguzwa, dada aliijua, akaivunja tarehe 30 Oktoba, akamwandikia yule bwana maneno haya, "Mimi nasoma barua zako, nadhani umechoka, kuna mtu wa kukupokea mzigo?" Alijishtaki mwenyewe asubuhi iliyofuata, akasimamishwa kazi miezi minne, na siku ya kumi na moja likaja jibu, "Wewe ni nani, na umejuaje? Hata mke wangu aliondoka akidhani nina kiburi." Bwana yule akatangaza hadharani kwamba hawezi tena, wakajitokeza watu watatu kumsaidia, na dada aliporudishwa kazini tarehe 4 Machi 2019 alikuta hisia ya saba imeongezwa kwenye orodha, uchovu, ingawa barua ya onyo ilibaki kwenye faili lake, na yeye alisema ni haki ibaki.

Agosti 2022 figo zake zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, tukapeana zamu kumsindikiza, miezi kumi na minane kwenye benchi lile la mbao, na asubuhi moja alinigeukia na kusema, "Mdogo wangu, umeniambia hujachoka mara tatu na hata saa nne haijafika, nenda kalale." Nilikataa, nikasinzia palepale nikiwa nimemlalia begani, mgonjwa akanishikia kofia.

Tarehe 2 Februari 2024 alituita sebuleni akasema, "Nimechoka, sitaki tena ile mashine, naomba mnisikie." Shemeji alilia, mimi nilifoka, nikamwita mwoga, neno ambalo natamani nilimeze leo mbele yenu, na kwa siku tisa sikukanyaga kwake. Siku ya kumi nilikwenda, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, nikamwambia, "Nimekusikia, Dada," akasema, "Umechelewa, lakini umefika, hebu nigeuzie mto." Alifariki tarehe 19 Februari, saa kumi alasiri, sote tukiwepo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomweleza ukweli bila kumharakisha, majirani mliotufulia mashuka pasipo kuombwa, Daktari na wasomaji wenzake wawili waliokuja kumsomea gazeti, na yule bwana wa programu, ambaye hakuwahi kumwona, aliyeandika kwamba leo amefunga kazi yake siku nzima kwa heshima yake. Shemeji yangu, wewe tunakushukuru mwisho, na hatukuulizi kama umechoka, kitanda chumba cha nyuma kimetandikwa, wageni tutawapokea sisi.

Pumzika, Dada, pumzika sawasawa.