Pengo Kwenye Wimbo wa Saba

Nje ya duka la kinyozi Odell, mjini Macon, kusini mwa Marekani, wazee watatu walikuwa wamekaa benchini na birika moja la kahawa. Ndani ilikuwa ikipigwa santuri ya Ezra Tolbert, albamu yake ya kwanza, bluzi iliyochanganywa na jazi na roki ya Kusini. Ilitoka Ijumaa. Jumapili gari la bendi likapinduka, Ezra akafa. Kesho anazikwa. Baba yake, Shemasi Tolbert, alikuwa akisubiri zamu ya kunyolewa, na wenzake wawili waliona heri wabishane kuliko kumwacha na kimya.

— Sikieni hapo, wimbo wa saba, alisema Dizeli, dereva mstaafu wa malori. Gitaa kimya, haimbi mtu. Besi na ngoma tu. Fundi mitambo alisinzia huyo.

— Asinzie nini! alidakia Pamba, mzee wa mvi tupu. Kampuni imefuta. Kijana aliwatukana wakubwa.

— Ezra atukane? Yule alikuwa akimkanyaga paka anamwomba radhi!

— Basi ni shetani. Bluzi ya nani kwani, si yake? Ukimpigia nyimbo kumi, moja anakata kipande chake.

— Pamba, funga domo! Baba mtu huyu hapa.

— Nisamehe, Shemasi. Mdomo wangu hauna breki.

— Endeleeni tu, alisema Shemasi.

Pengo lile alilijua. Ujanani alipiga harmonika, kile kinanda cha mdomoni, kwenye vilabu vyote vya kando ya mto. Siku alipobatizwa aliapa kutogusa tena muziki wa kidunia. Ezra alimbembeleza apige ubeti mmoja tu kwenye wimbo huo, akakubali. Siku ya kurekodi alifika hadi mlangoni pa studio, akasikia bendi nzima ikipiga kwa pamoja kama walivyozoea, akakikumbuka kiapo chake, akarudi kwenye gari lake na kuondoka. Walipofika kwenye ubeti wake wakamwachia nafasi wazi; hawakusimama, wala hawakurudia wimbo.

Mwanamke mwembamba mwenye plasta kwenye paji la uso akavuka barabara. Alikuwa Nadine, mpiga ngoma wa bendi.

— Habari za asubuhi, wazee. Pole sana, Mzee Tolbert.

— Afadhali umekuja, binti, alisema Dizeli. Hebu mwambie huyu mbishi, pale kwenye wimbo wa saba kulitokea nini?

Nadine alimgeukia Shemasi.

— Mzee, kesho makaburini tunaupiga huo. Pale nani atapiga?

Dizeli akainama, akatazama viatu vyake. Pamba akainua birika, akaliona jepesi, akalirudisha chini. Odell akaita kutoka ndani kwamba kiti ki tayari. Shemasi hakuinuka.

— Msitafute mtu, alisema hatimaye. Liacheni pengo lake wazi vilevile. Nitasimama nanyi hapo mpaka lipite.