Mfuniko wa Kisima

Basi letu la kutoka Kigombe lilimpakia kituoni Nguvumali fundi seremala mmoja aliyekumbatia mfuniko wa kisima, mpya, wenye bawaba. Alitwambia anampelekea Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, ofisini kwake, ili kila kisima cha mtaa wao kiruhusiwe kuwa nao.

“Shikamoo, bibi,” alimwamkia mama mtu mzima aliyeketi kando yake.

“Marahaba. Huko ofisini una mtu?”

“Sina. Nina mfuniko.”

“Mfuniko hauna mjomba, mwanangu. Mwone kwanza Tajdin mwenye duka, ndiye anayekaa na wakubwa. Wala usiende peke yako, fuatana na wazee wa msikitini.”

“Wazee wamenijibu kuwa visima vya babu zao havikufunikwa.”

“Basi subiri. Watu huvutwa polepole.”

Fundi aliuweka sawa mfuniko magotini. “Mwanangu alipotumbukia kisimani, bibi, mtaa mzima ulikuja. Jeneza walilipokezana mabegani mpaka makaburini. Huu mfuniko nimewaomba tufuatane, kila mtu ana udhuru.”

Kwa kuzika, watu wa kwetu hatuna mpinzani.

“Mola amrehemu,” alisema bibi. “Lakini Tajdin umwone.”

Basi likasimama mbele ya ofisi. Fundi akajitwika mfuniko wake. Bibi akakusanya buibui lake, nasi tuliobaki tukakunja miguu, fundi apate kupita.