Kasane Kapelekwa Jikoni

Ndani ya treni ya Osaka, Tokunaga alilifunga jarida lake la katuni kwa kishindo, hata waliojifanya wamelala wakafumbua macho.

"Miaka yote namfuata Kasane, mpiga upinde aliyeapa kumuua mfalme. Leo anafanya nini? Anakoroga supu! Huyu mchoraji kaishiwa!"

"Usimwonee, kijana wangu," alisema mama aliyekuwa akichungulia pembeni yake. "Ni sisi. Kila wiki mimi na wenzangu tunatuma kadi za maoni zinazokuja na jarida, tunampigia kura Kasane akae jikoni, na mchoraji hufuata kura. Aproni inampendeza."

"Kumbe wewe ndiye uliyemharibu!"

"Na wewe umetuma kadi ngapi?"

Tokunaga, bingwa wa kulalamika, hakuwahi kutuma hata moja.

Treni ikasimama. "Basi endelea kununa," mama akasema akishuka. "Wiki ijayo tunamwozesha."