Paa wa Pembe Pungufu

Ukitaka kumtia mtu wazimu hapa Moradabad, usihangaike kumroga. Mkalishe asubuhi kwenye benchi la Genda Lal akiwa na shida ya kweli. Benchi lenyewe ni ubao juu ya madebe mawili, limeegemea ukuta wa karakana za shaba, na masizi ya matanuri yamelikolea mpaka kila anayekaa huondoka na mhuri matakoni. Hapo utamkuta Wakili, ambaye uwakili wake ni kuuza stempu nje ya mahakama. Utamkuta Dubai, aliyeosha vyombo hotelini ng'ambo kwa miaka miwili akarudi na miwani ya jua na elimu yote ya wazungu. Na yupo Genda Lal mwenyewe na sufuria yake ya chai ya maziwa, anayetoa ushauri hata kwa asiyeagiza chai. Ijumaa moja Sharafat, fundi wa kusubu shaba, kuiyeyusha na kuimimina kwenye kalibu, alitoka karakanani kwake akiwa amekumbatia paa wa shaba, akaketi kwa kishindo, na uso wake haukuwa uso wa kutaniwa. Wakamtania.

– Fundi, leo umetuletea mbuzi?

– Ni paa, Dubai.

– Mbona kama katoka vitani?

Sharafat alimsimamisha yule paa mezani, katikati ya bilauri. Pembe zake zilikuwa na matawi, na juu ya ncha zake nne ndipo huwekwa bakuli la matunda, huko kwa watu wenye meza za kupamba. Lakini ncha moja ya nyuma ilikuwa fupi, kana kwamba imeng'atwa.

– Sikilizeni, na mnisikilize vizuri, alisema. Sampuli aliyonipa Saksena, huyu wakala wa oda za ng'ambo, ilikuwa hivi hivi. Nikamuuliza, bwana, hii ncha mbona fupi? Akasema, Sharafat, wewe kazi yako kusubu, si kuuliza. Kama sampuli, hata unywele usibadilike. Basi nikasubu kama sampuli. Karakana nzima imejaa paa, wote wana pembe hiyo. Lori linakuja kuwachukua kabla ya sala. Saksena yuko Delhi, hapokei simu. Nawauliza neno moja tu. Niziunge hizo ncha lori liniache, au niwapakie hivi walivyo?

– Kwanza kunywa chai, alisema Genda Lal.

– Sitaki chai. Nataka jibu.

Na alikuwa na haki ya kulitaka. Mwaka jana Saksena alimletea sampuli ya kinara cha mishumaa kilichobonyea ubavuni. Sharafat akaona haya kuwapelekea watu kitu kilichobonyea, akavinyoosha vinara vyote kwa mkono wake, kimoja kimoja, akavisugua mpaka vikang'aa. Vikarudishwa vyote. Kumbe mnunuzi alitaka vilivyobonyea. Ikabidi aviyeyushe mwenyewe, na Saksena akamwambia mbele ya vibarua wake kwamba akikosea tena, kazi itahamia kwenye kiwanda cha mashine, na lile tanuri la babu yake alifugie kuku. Tangu siku hiyo Sharafat akiona kosa kwenye sampuli huigeuzageuza tu mkononi. Akinyoosha, kosa. Akiacha, kosa.

– Mpakie, alisema Dubai akivua miwani. Wazungu nawajua mimi. Kwao kitu kizima ni cha maskini. Pale hotelini kulikuwa na sahani zilizomeguka, wageni wanazigombania. Nzima tulikuwa tunazitumia sisi jikoni.

– Labda mlizimegua nyinyi wenyewe mkizioshea usingizini, alisema Genda Lal.

– Wewe koroga chai.

Wakili alikohoa. Akikohoa hivyo ujue methali iko njiani na hakuna wa kuizuia.

– Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Maana yake, kuvunjika kwa pembe si mwisho wa paa. Kisheria uko salama, fundi. Aliyeleta sampuli mbovu ameomba ubovu. Na tena wakasema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi mpakie ajitembeze mwenyewe mpaka Ulaya.

– Hiyo methali inamkanya mtu, Wakili. Haimpi nauli.

– Unanifundisha methali mimi?

– Nakuuliza habari ya pembe.

– Mimi nitakwambia habari ya pembe, alisema Genda Lal, akaacha kukoroga kabisa. Huyo paa ana msiba. Mwanamke akifiwa na mume si huvunja bangili? Basi huko kwao, mwenye nyumba akifa wanavunja pembe ya paa wa mezani. Mnunuzi wako ni mjane, Sharafat. Ukiunga hiyo ncha ni sawa na kumvisha mjane bangili nyekundu mbele za watu.

– Wajane wangapi wa kununua karakana nzima? Wamekufa waume wa mji mzima?

– Vita havipo huko?

Sharafat alishika kichwa. Alitamani kuondoka, lakini ndani kulikuwa na paa wale wamejipanga wakimtazama, na vibarua wake wawili wakisubiri neno lake.

– Msiba wapi, alisema Dubai. Ule ni ufundi. Bakuli linainama upande mmoja makusudi. Mgeni wa heshima anakaa upande huo, tunda linamfuata lenyewe. Haombi, hanyooshi mkono. Zabibu inamdondokea mapajani.

– Na supu je?

– Supu haiwekwi juu ya paa, Genda Lal. Kuwa na adabu.

– Nyote hamjui, alisema Wakili, na sasa alisimama, masizi ya benchi yamemjaa nyuma. Ni kodi. Kule kwa mfalme wao, paa mwenye ncha nne ni mali ya ikulu. Raia akimweka mezani analipa kodi ya pembe. Ndiyo maana wanamtaka mwenye ncha tatu. Ukiunga ya nne, fundi, umemponza mtu asiye na hatia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

– Umelisoma wapi hilo?

– Mambo mengine hayasomwi.

– Mnanichosha, alisema Sharafat. Wallahi mnanichosha. Nimekuja na swali la ndiyo au hapana, mmenipa mjane, zabibu na mfalme. Hilo tanuri likizimika nitakula methali mimi?

Kila mmoja alikuwa akitafuta la kuongeza. Ndipo ikaja riksho ya mizigo, imebeba maboksi yaliyofungwa kwa majani makavu, na nyuma yake mtu mnene wa makamo, jasho linamtoka, shingoni kitambaa.

– Salaam, ndugu zangu. Naitwa Satish, natoka Firozabad, tunakopuliza vioo. Nimeelekezwa kwa fundi Sharafat. Saksena kasema mabakuli yangu yapakiwe pamoja na masimamio yake, lori moja.

– Mabakuli gani? aliuliza Sharafat.

– Ya kukaa juu ya paa. Hukuambiwa?

Hakuambiwa. Kwa miezi kadhaa alisubu kilalio cha bakuli asilowahi kuliona, na huyu naye alipuliza bakuli bila kumwona paa. Satish akachomoa boksi moja, akafukua majani, akatoa bakuli la kioo cha kijani, jepesi, zuri kupita kiasi. Hata Wakili alisogeza bilauri yake kando.

– Huyu ndiye? Satish aliuliza, akaliweka juu ya pembe.

Bakuli lilitulia kwa kadiri ya mtu kuvuta pumzi. Kisha likainamia nyuma, likateleza, na Sharafat akalidaka kwa mikono yote miwili usawa wa goti.

– Mlete mwingine, huyu ana kasoro, alisema Satish.

– Wote wako hivyo.

– Wote?

– Wote. Nimewasubu kama sampuli.

Satish akamtazama paa, akamtazama Sharafat, akawatazama waliokaa benchini mmoja mmoja. Hakuwa amekasirika. Alitaka tu kujua.

– Sasa bakuli langu litakaa wapi?

Dubai alivaa miwani yake. Genda Lal akainamia sufuria, akakuta chai imekauka imeanza kuungua. Wakili alikohoa, kisha akaanza kujipangusa masizi.

Sharafat alibaki ameshikilia lile bakuli. Aliliona ni jepesi mno, na alijionea uchungu, maana macho yake yalimwambia tangu siku ya kwanza kwamba ile ncha ni fupi, na yeye akayanyamazisha macho yake mwenyewe kwa kumwogopa Saksena. Honi ya lori ikalia mwanzo wa uchochoro.

– Mwambie dereva arudi kesho jioni, alimwambia Satish. Saksena akikasirika, na akasirike. Bakuli lako litakaa.

Akaingia nalo karakanani, amelikumbatia kifuani kwa mkono mmoja, na wa pili kamshika paa pembe. Wakamsikia akiwaambia vibarua wawashe tanuri.

– Mimi, alisema Wakili akiketi, tangu mwanzo nilimwambia aunge.